Kutoka Karabai hadi LED: Ufungaji wa Taa za Kuvulia Omena na Wajibu wa Mwanafunzi wa Kiswahili

Utangulizi

Makala haya yananuia kueleza jinsi taa za LED zinavyofungwa kwenye vyelezo vya kuvulia omena usiku katika Ziwa Victoria. Huenda msomaji akajiuliza ni kwa nini mada ya mafundi na wavuvi imeingia katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Jibu ni kwamba taa hizi zinapouzwa madukani huja na karatasi ya maelezo iliyoandikwa kwa Kiingereza au Kichina. Mvuvi anayeinunua huifunga kwa kubahatisha. Taa inapozimika usiku wa manane katikati ya ziwa, yeye huilaumu taa, hurejea kwa karabai, na hasara yote humwangukia yeye na jamaa yake. Mara nyingi taa haikuwa na kosa, bali hapakuwa na mtu aliyemweleza mvuvi kwa lugha anayoielewa namna ya kuifunga. Ni rai yetu kwamba pengo hilo ni la lugha kama lilivyo la ufundi, na kwamba sisi tunaosoma Kiswahili tuna sehemu yetu katika kuliziba.

Ili hoja hii isibaki kuwa kauli tupu, tutaeleza kwanza uvuvi wenyewe, kisha taa, kisha hatua za ufungaji. Mwishoni tutarejelea suala la istilahi.

Omena na Mwanga

Omena ni samaki mdogo wa rangi ya fedha ambaye wanasayansi humwita Rastrineobola argentea. Nchini Tanzania huitwa dagaa, na Uganda huitwa mukene. Mchana samaki huyu hukaa zaidi chini majini, na usiku hupanda karibu na uso wa maji. Aonapo mwanga katika giza huufuata na kukusanyika chini yake. Tabia hiyo ndiyo msingi wa uvuvi wote wa omena.

Wavuvi hutoka jioni wakiwa na taa kadhaa, kila moja ikiwa juu ya chelezo chake cha mbao. Huziacha taa hizo zielee kwa kupeana nafasi, kisha hungoja samaki wajikusanye. Baadaye mashua huifikia taa moja baada ya nyingine, na wavu wenye matundu madogo huzungushwa chini ya samaki waliokusanyika. Kwa kuwa mwanga wa taa hushindana na mwanga wa mwezi, kazi hii hufanywa katika siku za giza. Mwezi unapokuwa mpevu wavuvi wengi hupumzika, hurekebisha nyavu na kungoja giza lirejee. Kalenda ya mvuvi wa omena basi ni kalenda ya mwezi, na jambo hili, kama tutakavyoona, lina uzito hata katika utunzaji wa betri.

Karabai na Gharama Yake

Kwa miaka mingi taa ya kazi hii imekuwa karabai, yaani ile taa ya mafuta inayopigwa pampu. Mafuta ya taa husukumwa kwa shinikizo la hewa, hugeuka mvuke, na mvuke huo huwaka ndani ya kifuko chepesi cha wavu ambacho hung'aa kwa joto. Kifuko cha aina hiyo kilivumbuliwa na Carl Auer von Welsbach wa Austria mwaka 1885. Karabai ya kawaida ya ukubwa wa juu hula takriban lita moja ya mafuta kwa saa 8, na hii ni kusema lita moja kwa kila taa kwa kila usiku wa kazi. Chombo chenye taa 4 huteketeza lita 4 kabla hakijajua kama kitapata samaki au kitakosa.

Mafuta haya hayalipwi na mwenye chombo peke yake. Kwa desturi, gharama za usiku hutolewa kwanza katika mauzo, na kinachosalia ndicho kinachogawanywa baina ya mwenye chombo na mabaharia wake. Kwa hivyo, bei ya mafuta ipandapo, fungu la baharia ndilo linalopungua. Mwaka 2018 serikali ya Kenya ilianzisha tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzuia uchanganyaji wa mafuta hayo na dizeli. Nia ilikuwa kuwabana walaghai, lakini mwenye karabai naye alilazimika kulipa.

Kuna na madhara mengine. Tone la maji baridi likiirukia chemni ya moto, kioo hupasuka. Kile kifuko cha wavu kinapokwisha kuungua hubaki kama jivu, na pigo dogo la wimbi hukivunja. Mafuta humwagika ziwani, na moshi huvutwa na wale wanaozichochea taa hizo usiku kucha.

LED ni Nini?

Herufi hizi tatu ni kifupisho cha jina la Kiingereza lenye maana ya diodi inayotoa mwanga. Diodi ni kipande kidogo cha mata ambayo hupitisha umeme kwa kiasi, si kwa wingi kama shaba nyekundu wala si kwa kuuzuia kabisa kama mpira. Kipande hicho huwa na pande mbili zilizotayarishwa kwa namna tofauti. Umeme upitapo kutoka upande mmoja hadi wa pili, elektroni huanguka kutoka kiwango cha juu cha nishati hadi cha chini, na ile nishati inayoachwa hutoka kama mwanga. Hapana kinachoungua na hapana waya unaochemshwa hadi ung'ae.

Diodi ya kwanza yenye kutoa mwanga mwekundu unaoonekana ilitengenezwa na Nick Holonyak nchini Marekani mwaka 1962. Hata hivyo mwanga mweupe ulisubiri hadi diodi ya mwanga wa buluu ilipopatikana. Kwa kazi hiyo Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014.

Tofauti ya matumizi baina ya taa hizi mbili ni kubwa mno. Lita moja ya mafuta ya taa ina nishati ya takriban wati-saa 10,000. Taa ya LED ya wati 10 ikiwaka kwa saa 8 hutumia wati-saa 80 tu, nayo hutoa mwanga unaozidi ule wa balbu ya zamani ya wati 60. Sehemu kubwa ya mafuta ya karabai huishia kuwa joto, na joto halimwiti samaki.

Taa za betri si ngeni katika ziwa hili. Mwaka 2008 kampuni ya OSRAM ya Ujerumani ilifungua kituo mjini Mbita ambako wavuvi waliweza kukodi taa na betri zilizochajiwa kwa nguvu za jua. Tangu wakati huo bei ya paneli za sola na ya LED imeshuka sana, na leo mvuvi anaweza kununua vifaa vyake mwenyewe. Lakini anayenunua mwenyewe hana budi kufunga mwenyewe. Hapa ndipo maelezo yanapohitajika.

Hatua za Ufungaji

(a) Kupiga hesabu kabla ya kununua

Kosa la kwanza hutendeka dukani. Mnunuzi huiona betri ya volti 12 yenye ampia-saa 7, naye muuzaji humwambia kuwa itawasha taa ya wati 10 usiku kucha. Tuhesabu. Volti 12 mara ampia-saa 7 ni wati-saa 84. Gawanya kwa wati 10, unapata saa 8 na dakika chache. Kwa karatasi muuzaji amesema kweli. Lakini betri ya risasi na asidi haipaswi kunywewa hadi tone la mwisho. Ikimalizwa kila usiku, huchakaa baada ya muda mfupi. Kanuni ya busara ni kutumia nusu yake tu. Nusu ya 84 ni 42, nazo wati-saa 42 zitaiwasha taa hiyo kwa saa 4 tu.

Mvuvi basi ana njia tatu. Anaweza kununua taa ya wati 5, ambayo betri hiyo hiyo itaiwasha kwa saa 8. Anaweza kubaki na taa ya wati 10 na kununua betri kubwa zaidi: wati-saa 80 zikiwa ni nusu, betri nzima iwe na wati-saa 160, yaani zaidi ya ampia-saa 13. Au anaweza kununua betri ya lithiamu na fosfati ya chuma, ambayo ni ghali zaidi mwanzoni lakini ni nyepesi na huvumilia kutumiwa hadi asilimia 80 ya uwezo wake. Betri ya aina hii isichajiwe kwa chaja ya betri ya risasi. Ina chaja yake.

Paneli ya sola nayo ihesabiwe. Tukikadiria saa 5 za jua kali kwa siku, paneli ya wati 20 hutoa wati-saa 100 kwa karatasi, lakini vumbi, joto na upotevu wa njiani huweza kuchukua thuluthi moja hivi. Zitakazobaki hazitafika 80. Paneli ya wati 30 ndiyo itakayotosha, na hata siku ya mawingu mepesi haitamwaibisha mwenyewe. Kati ya paneli na betri pawe na kidhibiti chaji, ili betri isijazwe kupita kiasi.

(b) Kuunganisha waya

Diodi hupitisha umeme upande mmoja tu. Kwa sababu hiyo waya mwekundu uungwe kwenye ncha ya betri yenye alama ya kujumlisha, na waya mweusi kwenye ncha yenye alama ya kutoa. Ukizigeuza, taa nyingine haitawaka, na nyingine itaharibika kabisa.

Kwenye waya mwekundu, karibu sana na betri, pawekwe fyuzi. Taa ya wati 10 kwa volti 12 huvuta chini ya ampia 1, kwa hivyo fyuzi ya ampia 2 yatosha. Kazi ya fyuzi si kuilinda taa. Kazi yake ni kukata umeme pindi waya zinapogusana, kabla hazijapata moto juu ya chelezo kilicho mbali na mtu. Fyuzi iliyowekwa mwishoni karibu na taa haina faida, kwa maana sehemu kubwa ya waya itakuwa imebaki bila ulinzi. Aidha, fyuzi ikikatika isibadilishwe kwa kipande cha waya. Atafutwe mgusano ulioikata.

Swichi ifungwe kwenye waya huo mwekundu baada ya fyuzi. Viungo vyote vilehemiwe au vibanwe kwa vibanio vya chuma, kwani waya uliosokotwa kwa vidole hulegea kwa mtikisiko wa mawimbi. Kiungo kilicholegea hupata joto na kutu, na taa huanza kufifia bila sababu inayoonekana.

(c) Kuzuia maji

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapana mahali methali hii inapostahili zaidi kuliko juu ya chelezo. Taa zinazouzwa huwa na alama ya herufi IP ikifuatwa na tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza huhusu vumbi na ya pili maji. IP65 huvumilia maji yanayorushwa, ilhali IP67 huvumilia kuzamishwa hadi kina cha mita 1 kwa muda wa dakika 30. Kwa kuwa chelezo hupinduka, ile ya pili ndiyo inayofaa.

Hata hivyo, maji mara nyingi hayaingilii kwenye kioo. Huingilia pale waya unapopita kuingia katika taa au katika sanduku la betri. Tundu hilo lizibwe kwa mpira wa kubana au kwa gundi ya silikoni, na litobolewe ubavuni au upande wa chini wa sanduku, si juu. Kabla ya kuingia tunduni, waya upindwe kidogo kuelekea chini, ili maji yanayoufuata yadondoke hapo badala ya kuingia ndani. Betri ya asidi iliyo wazi isifungiwe sanduku lisilopumua, kwa kuwa hutoa gesi inayoweza kulipuka. Iliyozibwa kiwandani ndiyo salama zaidi kwa kazi hii.

(d) Mahali pa taa na uelekeo wake

Katika jambo hili wengi huiga karabai na kukosea. Karabai humulika pande zote, na LED humulika mbele yake tu. Ikisimamishwa kama karabai, mwanga wake huenda angani au kwenye macho ya mabaharia. Inapaswa kuinamishwa iyatazame maji.

Pembe yake ina maana. Mwanga unaoyapiga maji moja kwa moja kutoka juu hupenya karibu wote, zipatazo asilimia 98. Kadiri unavyolala ndivyo sehemu kubwa zaidi inavyorushwa na uso wa maji kama kioo. Lakini taa ikiinamishwa wima juu ya ubao, chelezo chenyewe huweka kivuli pale pale samaki wanapotakiwa kukusanyika. Suluhisho ni kuunda chelezo chenye uwazi katikati na kuifunga taa kwenye miguu mitatu juu ya uwazi huo, au kuitoa nje ya ukingo kwa mkono wa chuma. Betri, kwa kuwa ni nzito, ifungwe chini kabisa na mahali ambapo haitakilemeza chelezo upande mmoja. Mgongo wa taa uliotengenezwa kwa alumini uachwe wazi upate hewa, kwani LED ingawa haichomi kama karabai, huchakaa upesi ikikosa mahali pa kutolea joto lake.

(e) Siku za mbalamwezi

Tulitaja kwamba mwezi mpevu ni likizo ya mvuvi. Kwa betri ya risasi likizo hiyo ni hatari. Ikirudishwa nyumbani ikiwa tupu na kuachwa hivyo kwa wiki nzima au zaidi, chembe za salfeti huganda juu ya sahani zake na uwezo wake hupungua kabisa. Giza linaporejea, mwenyewe hushangaa kwamba betri aliyoiacha nzima imekufa bila kazi. Dawa ni kuichaji hadi ijae siku ya kwanza ya mapumziko, kisha kuichaji tena kabla ya kutoka. Betri iliyokufa nayo isitupwe ziwani wala ufuoni. Risasi ni sumu, na maji hayo ndiyo yanayonywewa.

Suala la Istilahi

Msomaji atakuwa ametambua kwamba hatukuhitaji kuunda maneno mengi mapya ili kueleza haya yote. Kila taa iliyowafikia Waswahili ilipata jina. Kandili ilikuja na jina lake kutoka Kiarabu. Chemni ilitokana na neno la Kiingereza la bomba la moshi. Betri, waya, swichi na fyuzi ni maneno ambayo fundi wa Homa Bay na wa Mwanza huyatumia kila siku. Mwandishi anayeyaacha ili aunde mapya kwa ajili ya usafi wa lugha huenda akasifiwa ukumbini, lakini mvuvi hatamwelewa.

Ugumu uko kwingine. Ziwa hili ni la nchi tatu: Tanzania ina takriban asilimia 51, Uganda 43 na Kenya 6. Kijikaratasi kilichoandikwa Mbita kitasema omena, ilhali msomaji wa Ukerewe anamjua dagaa. Wakenya wengi husema kawi pale ambapo Watanzania husema nishati. Mwandishi anapaswa kuamua anamwandikia nani, na pale inapobidi ataje maneno yote mawili mara ya kwanza kisha ashike moja.

Kubwa kuliko msamiati ni sentensi yenyewe. Linganisha kauli hizi mbili: "Epuka ugeuzaji wa ukutubi wa ingizo" na "Waya mwekundu uungwe kwenye alama ya kujumlisha." Ya kwanza imetafsiriwa neno kwa neno, na kila neno lake ni la Kiswahili, lakini haimfundishi mtu kitu. Ya pili inamwonyesha mtu mahali pa kuweka mkono wake. Tofauti hiyo haipatikani katika kamusi. Hupatikana kwa mtu anayeijua lugha na ambaye amekubali kuketi na fundi hadi akaielewa kazi anayoiandikia.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba taa ya LED inaweza kumpunguzia mvuvi wa omena gharama inayolila fungu lake kila usiku, mradi hesabu ya betri ipigwe sawasawa, fyuzi iwekwe mahali pake, matundu yazibwe, taa iyatazame maji, na betri isilale tupu siku za mbalamwezi. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji shahada. Yote yanahitaji maelezo yanayoeleweka.

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza, ikiwa pia ni lugha ya taifa. Hadhi hiyo haitamfaa mtu wa ufuoni ikiwa itaishia kwenye hotuba na karatasi za mitihani. Tunapendekeza kwamba wanachama wa chama chetu, kila mmoja katika eneo atokalo, watafute kifaa kimoja kinachotumiwa na watu wake bila maelezo ya Kiswahili, waketi na fundi wake, kisha waandike ukurasa mmoja. Ukurasa huo usomwe kwanza na yule atakayekitumia, na pale atakapokwama, tukubali kwamba sentensi ndiyo inayostahili kurekebishwa.